Kinu Nilichokiongeza Mwenyewe

Siku mliyoniaga, waongozaji wenzangu, mlinipa saa ya ukutani, kubwa kama sinia la pilau, mimi ambaye katika miaka yote ya kutembeza wageni sikuwahi kufika kituoni kwa wakati. Ujumbe umefika. Nimeitundika sebuleni, na kila nikiitazama nawasikia mnanicheka. Sasa na mimi naleta zawadi yangu. Mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi, ili wanaoanza wasianze kwa kupapasa. Atakayetafuta humu nilipandishwa cheo lini au nililipwaje, afunge daftari akalale. Hayo hayana hadithi.

Kwa asiyenijua, mimi ni Rashidi, mtu wa Lindi, mkazi wa Gerezani tangu nina ndevu tatu kidevuni. Kazi yangu ilikuwa kuwachukua wageni kwa miguu kutoka upande wa reli, kuwapitisha kwenye gereji na maduka ya vipuri, kuwaingiza Kariakoo, kisha kuwarudisha wote. Hilo neno wote ndilo kazi yenyewe.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa na wageni tisa. Nilipofika mtaa wa vitenge nikahesabu nane. Rangi ikanitoka. Nilizunguka mitaa mitatu jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi, nikamkuta yule mama, mzungu wa makamo, anatembea nyuma ya mkokoteni wa marobota ya mitumba, ametulia kabisa. Mvuta mkokoteni alikuwa anapaza sauti, "Pisha! Pisha! Mzigo huo!" na mama wa watu akaona huyu ndiye mwongozaji, maana ndiye pekee sokoni aliyeonekana anajua anakoenda. Nilipomchukua, mvuta mkokoteni alininunia. Alisema mama alikuwa anamsaidia kusukuma.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Mzee Sefu, karani mstaafu wa bandarini, mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba wageni walimsogelea bila kuitwa. Hakunigombeza. Alinipa mwavuli wa njano. "Uinue juu, liwe jua iwe mvua," alisema. "Katikati ya Kariakoo mgeni hafuati sura yako. Hata mimi nisingeifuata." Mwavuli ule nimeshaubadilisha kitambaa mara nne na fito mara mbili, lakini kwangu ni uleule, na asijitokeze mtu wa kubishana nami.

Somo la pili la Mzee Sefu lilikuwa hili: kila unaposimama, mpe mgeni kitu cha kushika. Ukimtajia karafuu, itie mkononi mwake. Ukimwambia habari za reli, ainame aiguse. "Akirudi kwao," alisema, "maneno yako yote atayasahau. Mkono wake utakumbuka." Nimelishika somo hilo maisha yangu yote, na ndilo lililoniponza.

Mpakani mwa Gerezani na Kariakoo palikuwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Uani kilikuwepo chumba kimoja cha peke yake, cha miti na udongo, kimepakwa saruji juu ili kuficha umri wake. Mwenyeji pale alikuwa Mama Aloisia, Mkatoliki ambaye ukoo wake ulitoka kusini kama wangu, kiongozi wa jumuiya, yaani zile familia za mtaa mmoja zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba. Nilipomfahamu alikuwa mtu mzima tayari, na hadi namaliza kazi alikuwa amepita themanini. Ukimwamkia shikamoo anaangalia kwanza viatu vyako, ndipo aitike marahaba.

Ndiye aliyenipa hadithi. Nilikuwa natafuta kituo kipya cha kusimama na wageni, nikasikia mtaani kwamba kwake kuna chumba ambamo Wakatoliki wa zamani walisali kwa siri. Nikaenda na nusu kilo ya sukari.

"Ilikuwa vita ile ya kwanza ya wazungu," aliniambia. "Mapadri walichukuliwa, kanisa likafungwa. Askari wakakataza watu kukusanyika. Mkikutwa mmekusanyika, wanaume mnabebeshwa mizigo ya jeshi, mnakwenda huko, hamrudi. Kaka yake bibi yangu alikwenda hivyohivyo. Bibi akasema, sisi tutasali. Wakaingia chumba hiki, watu saba, mchana kweupe, kwa sababu usiku ndio askari walikuwa wanazunguka."

"Wakaimba?" nikauliza, kalamu mkononi.

"Waimbe wakamatwe? Walisali kimya. Walikaa duara wakashikana mikono. Bibi ndiye kiongozi. Akimaliza Salamu Maria moja moyoni, anaminya mkono wa jirani yake. Jirani anaminya wa kwake, hivyo hivyo mpaka mminyo uzunguke umrudie bibi. Hapo anaanza nyingine. Ikiwa ni Baba Yetu anaminya mara mbili. Rozari nzima, makumi matano ya Salamu Maria, hata kikohozi hakitoki. Na tangu mwaka ule, kila mwezi wa kumi, ambao kwetu ni mwezi wa Rozari, tunasali moja humu kwa mikono, kuwakumbuka waliobeba mizigo. Haijaruka hata mwaka mmoja."

Nilitoka pale mwili umenisisimka. Kesho yake nikawapelekea wageni hadithi ileile, neno kwa neno, ikawa baridi kama chai ya juzi. Chumba kitupu. Watu waliokaa humo bila kusema kitu. Mmoja alipiga miayo, mwingine akauliza choo kiko wapi. Nilijiona mjinga, na sauti ya Mzee Sefu ikanijia: kitu cha kushika, Rashidi, kitu cha kushika.

Ukuta kwa ukuta na Mama Aloisia aliishi Bi Zuhura, mjane mcheshi, mtu wa maneno, Mwislamu kama mimi. Kati ya ua wake na ule wa Mama Aloisia kulikuwa na ukuta mkongwe, ambao pia ndio ukuta wa nyuma wa kile chumba, wenye kilango kidogo walimokuwa wakipitishiana makaa na chumvi. Na kando ya ukuta huo, upande wa Bi Zuhura, kilisimama kinu kikubwa cha mti mgumu. Wiki iliyofuata nilipofika na wageni kilango kilikuwa wazi, kinu kinaonekana, na ulimi wangu bila kuniomba ruhusa ukasema: "Humu Wakristo waliimba. Na ili askari wasisikie, jirani yao Mwislamu, bibi yake Bi Zuhura yule pale, alitwanga kinu hiki kuanzia mwanzo wa sala hadi mwisho."

Loo! Wageni waliguna wote kwa pamoja. Mama mmoja alitoa leso. Kisha wakapanga foleni kutwanga, mmoja mmoja, wakipigana picha, na wimbo nikawafundisha hapohapo.

Bi Zuhura hakuhitaji kuelezwa. Safari iliyofuata alikuwa amekipaka kinu mafuta ya nazi, amevaa khanga mpya, anasubiri mlangoni. "Bibi yangu alikuwa na mikono ya chuma!" aliwaambia wageni. Walipoondoka nikamvuta pembeni nikamuuliza kama kweli bibi yake aliwahi kutwanga pale.

"Bibi yangu?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Alikuwa mvivu yule, hata kisamvu alitwangiwa. Lakini wewe si umeshasema?"

Basi ikawa. Na nikishaanza kuongeza chumvi huwa sijui kuacha. Wakija Waingereza, aliyefunga kanisa alikuwa Mjerumani. Wakija Wajerumani, alikuwa Mwingereza. Siku moja wakaja mke na mume, mmoja wa huku mmoja wa kule, nikamtupia lawama Mbelgiji, ambaye hakuwepo kujitetea. Nyie mnaocheka hapo, nakumbuka vizuri nani kati yenu aliongeza kwamba mchi ulikuwa na msalaba kwa ndani. Mimi hilo sikulisema.

Siku moja Mama Aloisia alikuwa dirishani na mimi sikujua. Wageni walipotoka aliniita. "Rashidi. Njoo hapa, mwanangu."

Ukiona Mama Aloisia anakuita mwanangu, jua umekwisha.

"Nani alikuambia bibi yangu aliimba?"

"Mama, wageni wanapenda..."

"Nimekuuliza nani. Saba waimbe, na mwingine atwange, halafu askari asisikie? Umemfanya bibi yangu mpumbavu. Yeye alikaa kimya Rozari nzima, na maisha ya watu yako mkononi mwake. Wewe hata dakika mbili huwezi."

Niliona aibu, nasema kweli. Nikamwahidi nitarekebisha, na nikarekebisha: nikaacha kusimulia dirisha lake likiwa wazi. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka mingi, mimi na kinu changu, yeye na hasira yake, na kila sikukuu ya Krismasi aliniletea sahani ya pilau, na kila Idi mimi nikampelekea yangu. Sahani zilikuja na kwenda, lakini suala la kinu halikusamehewa.

Sasa nafika mwaka wangu wa mwisho kazini. Mwezi wa tisa ile nyumba iliuzwa. Warithi walikuwa wengi kuliko vyumba, na mnunuzi alitaka kiwanja, ajenge ghorofa la maduka kama mengine yote mnayoyaona. Mama Aloisia akahamishiwa Mbagala kwa mpwa wake. Upande wa mbele ukazungushiwa mabati na akawekwa mlinzi anaitwa Masanja, mwanaume wa makamo mwenye tumbo la heshima, kiti cha plastiki na redio ndogo. Kubomoa kulipangwa Jumatatu moja katikati ya mwezi wa kumi.

Jumatano kabla ya hapo, Mama Aloisia akanipigia simu. "Rozari ya mwaka huu haijasaliwa," akasema. Hakuna hujambo, hakuna habari za Gerezani. "Nilihamishwa kabla ya mwezi kuingia. Tangu bibi haijaruka hata mwaka. Haitaanza kuruka kwangu, na chumba sitakiacha kivunjwe sijakiaga."

Nikaenda kwa msimamizi wa ujenzi, nimevaa shati la kola, nikaomba kwa adabu zote nusu saa tu ya sala. Akakataa. Kuta zile zimechoka, alisema, zikimwangukia bibi kizee nani atajibu? Haingii mtu. Na Masanja akaambiwa mbele yangu kwamba akiingia hata paka, kazi hana. Haki yake msimamizi, ukuta ulikuwa umechoka kweli. Nikampigia Mama Aloisia kumpa pole.

"Sijakuomba pole," alisema. "Umekula kwenye hadithi yangu miaka yote hii, Rashidi. Sasa ingia ndani yake."

"Mama, mimi Mwislamu."

"Nani amekuambia ubatizwe? Bibi na wenzake walikuwa watu saba. Jumuiya tumepatikana sita, wa saba amelazwa na goti. Wewe kaa, shika mkono, pitisha. Na unyamaze. Nahisi utashindwa hapo tu."

Tukakubaliana Jumapili, baada ya misa ya kwanza. Njia ilikuwa kwa Bi Zuhura: unaingia mlango wake wa mbele kama mgeni wa kawaida, unakatiza ua, unapita kilango. Nilipomweleza Bi Zuhura, macho yalimwaka. "Na mimi nitatwanga!"

"Bi Zuhura, kile kinu nilikitunga mimi. Unajua."

"Najua. Bibi hakuwasaidia, basi nimsaidie bibi asaidie. Utaninyima?"

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na wanaoanza kazi walisome mara mbili. Nilipaswa kusema nakunyima. Lakini kwa miaka yote nilikuwa nimesimulia lile jambo kwa uhakika hata mwenyewe nikaanza kuliamini. Nikaona ni wazo zuri. Nikamwambia atwange pole pole, na Mama Aloisia asiambiwe.

Jumapili asubuhi maduka mengi ya mtaa ule yamefungwa. Hakuna mikokoteni, hakuna wa kupaza sauti. Mtu akidondosha kijiko mtaa wa pili unasikia. Walikuja mmoja mmoja wakiwa na vitenge vya jumuiya na vilemba vyeupe, wamama watano, na Mama Aloisia mbele yao na fimbo yake. Masanja alikuwa upande wa mabati, redio inamrudishia mpira wa jana. Tuliingia chumbani, tukakaa chini kwenye mkeka, duara. Kushoto kwangu Mama Aloisia, kulia mama mwenye mkono mpana uliozoea kukanda unga. Chumba kilikuwa kitupu kabisa, kuna msumari tu ukutani palipotundikwa msalaba, na doa jeupe la umbo lake. Mama Aloisia alilitazama doa lile muda mrefu. Sikuwahi kumwona hivyo, na roho iliniuma.

Akaanza sala za kufungulia kwa sauti ya chini, zile za mikono zingefuata, na wenzake wakaitikia kwa kunong'ona. Salamu Maria ya tatu hivi, upande wa pili wa ukuta, Bi Zuhura akaanza kazi.

Du!

Hakutwanga pole pole. Alitwanga kama ana harusi. Du! Du! Du! Kinu kilikuwa kimegusa ukuta, na ukuta ule umri wake mnaujua. Kwanza lilidondoka vumbi, tukalipokea vichwani. Kisha kipande cha saruji kikubwa kama andazi kikaniangukia begani. Vilemba vyeupe vikawa rangi ya udongo. Mama Aloisia aligeuza shingo, taratibu, akanitazama. Nikatazama mkeka.

Redio ikazimwa. Viatu vizito vikazunguka, na mlango wa Bi Zuhura ukagongwa.

"Bi mkubwa! Nini hicho? Mabati yanatikisika kule mbele, nikadhani ukuta unakuja chini!"

"Natwanga kisamvu, baba."

Masanja akamfuata mpaka uani. Kilango kilikuwa kimerudishiwa tu, hatua tatu kutoka tulipo, tunasikia hata anavyopumua.

"Mbona kinu kitupu?"

"Ndiyo kwanza nakipasha," akasema Bi Zuhura, na mpaka leo hajui alimaanisha nini. Kisha akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa mtaa ule angefanya akibanwa. "Shikamoo za kusimama hazifai, karibu chai. Kuna vitumbua vya moto."

Masanja akakaribia. Akavuta kigoda, akakaa hapohapo mbele ya kilango. Nikasikia kijiko kikikoroga sukari, na nikajua tumekwisha. Mtu wa tumbo lile havili vitumbua kwa haraka. Tukitoka, anapoteza kazi yeye na Mama Aloisia anaondoka sala haijaisha. Tukinong'ona, anasikia. Wale wamama walitazamana, mmoja akaanza kukunja Rozari yake airudishe kifuani.

Mama Aloisia alitikisa kichwa. Akaweka fimbo chini. Akanyoosha mikono miwili, huku na huku, na sote tukashikana. Akafumba macho. Muda ukapita. Kisha akaniminya mkono.

Mimi nikakaa na ule mminyo. Sijui nilikuwa nangoja nini. Akanifinya kwa kucha, nikakumbuka kupitisha. Mminyo ukaenda, nikauona unavyozunguka kwenye mabega yao, mmoja mmoja, ukamrudia. Akatulia. Akaminya tena. Ya kumi ikifika anakaa kidogo, anaminya mara mbili, tunaanza kumi nyingine. Mkono wake ulikuwa mkavu, mdogo, na nguvu zake za ajabu. Nilipofika kumi la pili niliacha kusikiliza vitumbua. Nilimfikiria yule bibi wa vita, na kaka yake aliyekwenda na mizigo, na kwamba mkono huu ulishikwa na wa bibi, na wa bibi ulishikwa na wa kaka yake. Nilikuwa na kitu cha kushika tangu siku ya kwanza, nikakitupa nikaenda kuazima kinu.

Nje, Masanja alikuwa amefika kitumbua cha nne.

"Na mwavuli huu wa njano wa nani?"

Nilikuwa nimeuegemeza kwenye kilango. Miaka yote nimeuinua watu wauone, na siku ya kujificha nimeuweka mlangoni!

"Wa Rashidi," Bi Zuhura akajibu bila kubabaika. "Yule mwongo wa wageni. Aliusahau."

"Aaa, yule mzee! Alinisimulia siku ya kwanza napangwa hapa, nadhani alitaka nilegee. Eti Wakristo waliimba humo ndani, halafu bibi yako akatwanga ili askari asisikie." Masanja akacheka, mdomo umejaa. "Bi mkubwa, usikasirike, lakini mimi mlinzi. Kelele ndiyo inayoniamsha. Wewe hapa umetwanga dakika mbili nimeshafika. Mtu anayejificha atapigaje ngoma? Hao kama walisali kweli, basi walikaa kimya. Kimya ndicho kinachompita mlinzi."

Mkono wa Mama Aloisia uliniminya. Haikuwa Salamu Maria ile. Ilikuwa yangu peke yangu, ndefu, mifupa ikalia, na nilipofungua jicho moja nikamwona amefumba macho yake, uso wa sala kabisa, mdomo tu pembeni umepinda kidogo. Nikaipitisha, maana sikujua la kufanya. Wamama wote watano wakaipokea na kuipitisha mpaka ikamrudia mwenyewe.

Tulimaliza makumi matano. Masanja alishakwenda zamani, ameshukuru kwa chai, na redio imerudi kwenye mpira. Hatukujua alipoondoka. Mama Aloisia alisimama kwa kunishikilia, akaweka kiganja kwenye lile doa la msalaba ukutani, akakaa nacho hapo. "Kwaheri bibi," akasema. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kwenye kilango alimpita Bi Zuhura, akamtazama na mchi wake. "Asante kwa chai," akamwambia. Kuhusu kinu hakusema neno, na Bi Zuhura akauegemeza mchi ukutani.

Jumatatu katapila lilifika saa tatu. Nilikuja na mwavuli. Mama Aloisia alikuwa ameshafika kutoka Mbagala, amesimama ng'ambo ya barabara, amevaa kitenge cha jana chenye vumbi lilelile. Nikasimama kuume kwake. Kuume kwangu akaja kusimama Masanja, kazi yake ya kulinda imekwisha maana hakuna tena cha kulindwa, na pembeni yake Bi Zuhura amejifunga khanga vizuri kuangalia. Katapila likaanza na vyumba vya mbele. Kisha likageuka uani.

Chumba kile hakikupinga. Kiliketi tu. Vumbi jekundu likapanda, na Mama Aloisia bila kunitazama akanishika mkono akauminya. Mara moja.

Nikageuka huku na huku kutafuta wa kumpitishia. Hapakuwa na mwingine. Nikamshika Masanja mkono nikauminya.

"Mzee vipi?" akashtuka.

"Pitisha."

"Nipitishe nini?"

"Pitisha tu, usiulize."

Masanja alinitazama, akamtazama yule bibi analia kimya, na nadhani kuna kitu kilimwingia, kwa sababu hakuuliza tena. Akanyoosha mkono wake wa upande wa pili akamshika Bi Zuhura, akamminya kwa nguvu zote za mlinzi.

"We Masanja!" Bi Zuhura akapiga yowe hadi dereva wa katapila akazima mashine. "Vitumbua tu, baba! Vitumbua tu nilikupa! Mimi mjane nina heshima zangu!"

Mtaa mzima uligeuka. Masanja akawa anajitetea, ananionyesha mimi kwa kidole, mimi nanyamaza. Na Mama Aloisia, machozi bado yako mashavuni, akaanza kucheka. Alicheka akainama, akashikilia fimbo, akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Alipopata pumzi aliniambia, "Hiyo ndiyo ukawasimulie wageni."

Nimewasimulia mpaka siku ya mwisho kazini, hapo kwenye mabati, kila mtu kamshika mwenzake mkono. Na hapo sijaongeza kitu. Muulizeni Masanja.